Yowe Lililojibiwa kwa Vigelegele

Sebuleni kwa Bi Mwanakheri, ghorofa ya sita ya Jumba la Mkonge mjini Tanga, walikaa watu wanne na kila mtu alikuwa na dunia yake. Mumewe, Mzee Sebo, alikuwa mpirani: amejilaza kitini, macho ameyafumba, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa ukipiga mikwaju chini ya meza. Mkwewe alikunja nguo huku mabega yakifuata rumba. Mjukuu wake wa kike alikuwa akimtishia simba wa hadithini kwa kidole. Bi Mwanakheri mwenyewe alikuwa kwenye kaswida, kichwa kikienda kushoto na kulia taratibu. Mpira, rumba, simba na kaswida vyote vilikuwa vinavuma ndani ya chumba kimoja, na chumba kilikuwa kimya kabisa.

Hilo ndilo Burudiko, na msidhani natia chumvi. Juu darini kulikuwa na kitovu, kisahani cheupe kisichozidi kifuniko cha sufuria, kisicho na waya hata mmoja. Kitovu kilimwaga sauti kwa mawimbi, kila sauti ikamfuata mwenyewe hadi kwenye vipuli vyake, shanga mbili ndogo zilizokaa masikioni hata mtu akasahau kama anazo. Ukitoka kwenda sokoni, muziki wako unatoka nawe. Ukiingia kwa shoga yako, kitovu chake kinakupokea na kuendeleza wimbo pale pale ulipokatia. Simu, habari, adhana, maongezi ya mtu na mtu, vyote vilipita humo. Watoto wa siku hizo ukiwaambia zamani nyumba nzima ilikuwa na redio moja na wakiigombania, walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mwamvua alikuwa wa tano pale sebuleni, na ndiye pekee mwenye masikio matupu. Alikuwa mhandisi wa sauti wa Tulizo, kampuni iliyounda Burudiko, lakini siku hiyo alikuja msibani. Alivua vipuli vyake langoni akavitia mkobani, maana haipendezi kumpa mfiwa mkono wa pole huku unaimbiwa. Msibani kwenyewe, hata hivyo, hakuingia. Mlango wa mama yake mdogo, Mama Mashavu, uliotazamana na huu wa Bi Mwanakheri, ulikuwa umekomewa kwa ndani. Nyumba imefiwa na mlango umekomewa! Hakuna jamvi, hakuna kahawa, hakuna kiatu hata kimoja nje. Mwamvua hajaona jambo kama hilo tangu azaliwe.

Bi Mwanakheri alipomwona anahangaika ukumbini ndiye aliyemvuta ndani. Sasa alibonyeza kipuli chake kuzima kaswida, akamsogelea.

"Amekomea tangu juzi," alisema. "Tumekwenda na sinia la wali, katurudisha. Tumekwenda na majamvi, katurudisha. Na jicho alilonitupia mimi, jirani yake wa kuombana chumvi! Utadhani kaona nyoka."

"Kwani mmemfanya nini, Bi Mwanakheri?"

"Sisi? Sisi ndio tungenuna!" Akashusha sauti, japo hapakuwa na wa kumsikia. "Wewe ni mwanawe, sipendi kukuambia, lakini utalisikia huko nje. Asubuhi ile mzee anakata roho, mama yako alipiga vigelegele."

"Alipiga nini?"

"Vigelegele, mwanangu, vya harusi. Nimevisikia kwa masikio yangu haya. Nikasema heri, Mashavu kapata neema. Nikamjibu, maana vigelegele haviachwi vikalia peke yake. Wa ghorofa ya tano wakajibu, wa saba wakajibu, jumba zima likaitika. Hatujui hili wala lile. Adhuhuri tunaona jeneza linashushwa. Mtume! Mke gani huyo anamshangilia mumewe akifa?"

Mwamvua alitaka kucheka. Mama Mashavu na mumewe, Mzee Mbaruku? Watu waliozeeka pamoja, mzee hali chakula mpaka mkewe akionje chumvi? Mama Mashavu ndiye aliyemlea Mwamvua tangu dada yake, mama mzazi wa Mwamvua, afe, na katika malezi hayo yote Mwamvua hakuwahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina kavu. Alimwomba Bi Mwanakheri radhi, akavuka ukumbi, akagonga.

"Mama, ni mimi. Nilikuwa Mwanza kikazi, nimefika sasa hivi. Fungua."

Sauti ikatoka nyuma ya mlango: "Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

Komeo likavutwa. Mama Mashavu alikuwa amejifunga kaniki, uso umemparama, na midomo imepasuka kama ya mtu aliyetoka safari ya jua. Mwamvua alimkumbatia, wakalia kidogo, kisha wakakaa sakafuni. Darini hapakuwa na kitovu. Mama Mashavu alikikataa tangu siku ya kwanza mafundi walipokuja. Aliwaambia kitovu chake kilizikwa Pangani na hana haja ya kingine.

"Alikuwa anakunywa chai," alisema bila kuulizwa. "Akashika kifua, akaanguka. Nikampakata kichwa. Nikimwachia ananikamata mkono, hataki niondoke. Sina vipuli vya kuitia watu. Nina mdomo. Nikapiga yowe."

Mwamvua alimsogelea karibu zaidi.

"Unalijua yowe, mwanangu. Kwetu ukipiga yowe, mchinjaji anakuja na kisu mkononi, mwogaji anakuja na povu kichwani. Hata mliyegombana naye anakuja, tena mbio, ugomvi atauendeleza kesho. Basi nikapiga. Na wakanijibu."

"Walikujibu vipi?"

"Kwa vigelegele." Alimtazama Mwamvua, macho makavu. "Nikadhani nimesikia vibaya, nikapiga tena. Vikazidi. Juu vigelegele, chini vigelegele, huyo Mwanakheri hapo mlangoni ndiye anaongoza. Mume wangu amekufa mikononi mwangu akishangiliwa. Niambie wewe uliyesoma, nimewakosea nini watu hawa?"

Mwamvua alitazama darini, mahali ambapo kitovu kingekaa. Alijua. Alijua kila kitu kwa mara moja.

Inabidi tueleze hapa. Burudiko lilianza kama muziki tu, lakini miaka miwili baadaye Tulizo waliongeza kitu walichokiita Upole. Vipuli viliziba masikio, kwa hiyo sauti za nje zilipitishwa kwanza kwenye kitovu, kisha zikapelekwa kwa msikilizaji, haraka kuliko kupepesa jicho. Upole ulikaa hapo katikati na kuzitengeneza. Matusi uliyalainisha, ugomvi uliupunguza makali, kelele za magari uliziondoa, na sauti za furaha uliziongezea utamu. Wazo lilikuwa la Mwamvua mwenyewe, kwa ajili ya wazee wenye presha. Watu wakaupenda Upole, wakauwasha wote, wazima kwa wagonjwa.

Kuifunza mashine, timu yake ilizunguka mji mzima kukusanya sauti. Walirekodi vilio vya watoto, watu wakigombea maji, vicheko, na vigelegele vya harusi kwa mamia. Likabaki yowe. Walipowaomba wanawake wapige yowe kwenye kinasa sauti, hakuna aliyekubali. Wote walijibu jibu moja: yowe halipigwi bure, ukiita balaa nalo linaitika. Mmoja kule Pongwe aliwafukuza kwa ufagio. Wahandisi wenyewe, wote wanawake waliosoma vyuo vikubwa, kila mmoja alimtazama mwenzake, na Mwamvua naye hakuweza, ulimi ulimkataa. Wageni wangedhani ni mzaha, lakini kwao hilo halikuwa jambo la mzaha. Wakaacha nafasi ile tupu, wakaenda kunywa chai. Na mashine haijui kuacha nafasi tupu. Iliposikia sauti ya mwanamke, kali, ya juu, inayotetemeka, ilitafuta ndani ya ghala lake ikaona inayofanana nayo ni moja tu. Ikaisafisha, ikaitia utamu, ikaipeleka.

"Mama," alisema Mwamvua, "hawakusikia yowe. Mashine ililigeuza. Walisikia vigelegele vyako, wakakujibu. Wao wanadhani wewe ndiye uliyeshangilia."

Mama Mashavu alimkodolea. "Mashine."

"Ile tuliyoitengeneza sisi. Mimi."

"Usiwatetee, Mwamvua. Binadamu asijue yowe? Hata kuku anajua mwenzake akishikwa na mwewe."

"Nakuapia."

"Basi waje wenyewe waniambie," alisema, akainuka kwenda kumfungulia mlango wa kutokea. "Nenda kapumzike. Umechoka na safari."

Mwamvua hakwenda kupumzika. Alikwenda moja kwa moja Raskazone, kwenye jengo la vioo la Tulizo, akaingia kwa Mkurugenzi Hizza bila kungoja kuitwa. Hizza alikuwa mtu mpole, si mbaya. Mtu wa kukuwekea kiti mwenyewe. Mwamvua alisimama akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Tunajua," alisema Hizza.

"Mnajua?"

"Kitovu cha ukumbini kilihifadhi sauti. Vijana waliiona juzi. Bahati mbaya sana, dada yangu, na pole sana kwa msiba. Lakini dawa imeshapatikana. Wameunda mayowe kwa kompyuta, maelfu, hakuna mtu aliyefunua mdomo wake. Leo baada ya magharibi vitovu vyote vitapokea marekebisho. Kesho yowe litasikika yowe, na mambo yamekwisha."

"Na Mama Mashavu?"

"Kampuni itampelekea rambirambi nzuri."

"Hataki rambirambi! Majirani wanamwona mchawi, na yeye anawaona wachawi. Anataka mtu mmoja tu asimame pale ukumbini aseme kosa ni letu."

Hizza alikunja mikono mezani. "Tukisema hilo leo, kesho kila aliyeachika atasema kipuli kilimgeuzia maneno ya mumewe. Fikiri. Tangu Upole uingie, baraza la kata halina kesi ya majirani hata moja. Wazee wanalala usingizi. Hiyo ni kazi yako wewe, nami najivunia. Tuifute kwa ajili ya asubuhi moja? Tufunike kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu mwenyewe ni sisi, Hizza. Tutapita wapi?"

"Mwamvua..."

"Na kesi zimekwisha kwa kuwa watu hawasikiani. Watagombana vipi? Hata makaburini hakuna kesi." Alinyoosha mkono. "Nipe ile sauti. Nikawasikilizishe wenyewe."

"Sauti ile ni mali ya kampuni."

"Pumzi ya mama yangu ni mali ya kampuni?"

Hizza alitazama dirishani. Alisema polepole, kama anayemwonya mdogo wake, kwamba akitoka mlangoni kwenda kusema asirudi tena. Na kwamba baada ya magharibi, hata akipiga yowe mbele ya hakimu, hakimu atalisikia sawasawa, naye ataonekana mzushi tu. Mwamvua alifungua mkoba, akatoa vipuli vyake, akaviweka mezani juu ya karatasi zake.

"Sikuuliza kama nitarudi," alisema, akatoka.

Njiani alikuwa akihesabu saa. Magharibi! Jua likizama tu, ushahidi umekwenda, na Mama Mashavu atakufa siku yake akiamini kuwa watu wa jumba zima walishangilia mauti ya mumewe. Na wao watamzika, ikiwa watamzika, kama mwanamke aliyecheza juu ya maiti. Aliingia kwenye lifti ya Jumba la Mkonge akakutana na Mama Elineema wa ghorofa ya saba, mwanamke mcheshi, mwimbaji wa kwaya, ana vikapu viwili vya ndizi. Mwamvua hakuweza kujizuia.

"Mama Elineema, mmedanganywa! Mama Mashavu hakupiga vigelegele, alikuwa anaomba msaada! Mzee wa watu kafa hivi hivi na nyinyi mnashangilia!"

Alisema kwa ukali, karibu kulia. Mama Elineema alimtazama usoni, akatabasamu tabasamu pana.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Na wewe pia."

Lo! Mlango wa lifti ukafunguka, Mwamvua akatoka. Hivyo ndivyo alivyoonja dawa aliyowapikia wenzake, na haikuwa na ladha nzuri.

Kwa Bi Mwanakheri alitumia mikono. Alimwonyesha masikio, akamsihi kwa ishara, mpaka mama wa watu akavua vipuli akaviweka mapajani. Akamweleza taratibu, toka mwanzo. Bi Mwanakheri alisikiliza kwa adabu, kisha akatikisa kichwa.

"Mwanangu, unampenda mama yako, na ni haki yako. Lakini mimi nimezaa, nimeoza, nimezika. Nisijue vigelegele? Hivi masikio yangu yamezeeka kiasi hicho?"

"Hayakusikia masikio yako. Kilisikia kipuli."

"Kipuli kiko wapi kama si sikioni?" Akavichukua, akavivaa. "Mwambie Mashavu afungue mlango, aombe radhi, yaishe. Watu tutamsamehe. Ni shetani tu alimpitia."

Aombe radhi! Mwamvua alirudi kwa mama yake mdogo akiwa na hasira, akajitupa sakafuni. Maneno hayatoshi, hilo lilikuwa wazi. Upande huu hawaamini na upande ule hawaamini, na kila mmoja ana ushahidi wa masikio yake. Kilichobaki ni kimoja. Aliutazama ukuta, akasikia mabomba yamenyamaza, na hapo ndipo akili ilipomjia.

"Mama, alasiri bado?"

"Bado kidogo. Kwa nini?"

"Watu wakitawadha wanavua vipuli. Mtu hawezi kupangusa masikio navyo. Kabla ya alasiri, jumba hili karibu lote lina masikio matupu, dakika chache tu. Ukipiga yowe wakati huo, watalisikia lenyewe."

Mama Mashavu aliutazama mlango. Mwamvua aliona anavyopima.

"Nitapiga mimi," Mwamvua aliongeza haraka. "Wewe kaa."

"Wewe? Wewe nani kakufia mikononi?" Sauti yake ilikuwa kali kwa mara ya kwanza. "Yowe halipigwi bure, na halipigwi kwa niaba ya mtu. Ukipiga wewe ni uongo, na uongo huo utaturudia."

"Basi tufanyeje, mama? Magharibi wanafuta kila kitu."

Mama Mashavu alikaza fundo la kaniki kifuani. Alikwenda hadi kwenye kiti cha mumewe, akakigusa mgongo, akarudi.

"Mimi nikipiga si bure," alisema. "Yowe langu la siku ile halijafika kwa mtu. Bado liko njiani." Kisha akamwelekezea kidole. "Lakini nisikilize. Wakija, nitafungua mlango wangu na matanga yatawekwa. Wasipokuja, au wakija wakicheka, nitajua na wewe ulikuwa unawapaka mafuta. Utaondoka nao, na hapa usikanyage tena."

Mwamvua alikubali kwa kichwa. Hakuwa na mama mwingine. Akili ilimwambia mahesabu yako sawa, lakini moyo haukuyaamini. Je, kama wamemaliza kutawadha mapema? Je, kama Hizza ameharakisha? Je, kama Mama Mashavu ana haki, na watu ni wabaya tu?

Wakasimama ukumbini, mlango wazi nyuma yao. Ukumbi ulikuwa mtupu, taa nyeupe, kitovu kidogo juu ya lifti. Adhana haikusikika, maana ilipita vipulini. Lakini mabomba yalianza kuvuma ukutani, moja, mawili, kisha jumba zima likawa linanguruma maji. Mwamvua alimgusa mama yake mdogo begani.

Mama Mashavu alijishika kichwa kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akalipiga.

Siwezi kukuandikia yowe. Aliyelisikia analijua, na ambaye hajalisikia Mungu amwepushe. Lilitoka chini kabisa ya mwanamke yule, likapanda, likavunjika, likapanda tena, na ndani yake mlikuwa na chai iliyomwagika na mkono ulioshikwa na siku zote za mlango kukomewa. Mwamvua, aliyejua kila kitu, aliyelipanga jambo lenyewe, miguu yake ilitaka kukimbia kwenda kusaidia, asijue wapi.

Mlango wa Bi Mwanakheri ulifunguka kwa kishindo. Alitoka mikono inachuruzika maji hadi viwikoni, miguu mitupu, kichwa wazi. "Nani? Kuna nini? Mashavu! Mashavu!" Nyuma yake Mzee Sebo na ndoo, suruali ameikunja magotini. Milango ikafunguka kushoto na kulia, watu wakamiminika wakidondosha maji, mmoja ana mwiko, mmoja kabeba mtoto uchi, wa ghorofa ya tano wanapanda ngazi wanahema. "Moto? Mwizi? Nani kaanguka?" Walimzunguka Mama Mashavu, wakamshika mikono, wakampapasa kama wanatafuta jeraha.

Na kutoka ngazi za juu vikashuka vigelegele.

Alikuwa Mama Elineema. Yeye hakuwa na udhu wa kushika, vipuli vyake vilikuwa sikioni. Alishuka akicheza, leso mkononi anaipeperusha, nyuma yake wenzake wawili wa kwaya, wote wanashangilia kwa furaha safi ya watu wema. Alifika ngazi ya mwisho, akaona watu wamelowa, nyuso zimewapauka. Vigelegele vikapungua, lakini tabasamu lilibaki.

"Unashangilia nini, Mama Elineema?" aliuliza Bi Mwanakheri.

Hakujibiwa vizuri, ukali wake ulifika umelainishwa. "Si Bi Mashavu kapiga vigelegele?" alisema Mama Elineema. "Nami nimemjibu. Kuna heri gani, jamani?"

Bi Mwanakheri alimtazama Mama Elineema, akamtazama Mama Mashavu, kisha akaitazama mikono yake yenye maji, akaipeleka masikioni mwake polepole.

"Kumbe," alisema. "Kumbe siku ile..."

Alimwendea Mama Elineema, na kwa mikono yake iliyolowa akamvua vipuli, kimoja, cha pili. Mama Mashavu hakuambiwa na mtu. Alilipiga tena, fupi, limekwaruza. Leso ilimdondoka Mama Elineema. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mdomo ule ule, akarudi nyuma mpaka akagota ukutani.

"Siku ile nilipiga hivi," alisema Mama Mashavu. Sauti ilikuwa imemkauka, lakini kila mtu alimsikia. "Hivi hivi. Nimempakata."

"Mashavu, nisamehe," alisema Bi Mwanakheri. "Nilikujibu. Ole wangu, mimi ndiye niliyekujibu wa kwanza!"

"Hukunijibu wewe, ilinijibu mashine."

"Ni mimi niliyeitengeneza hiyo mashine," alisema Mwamvua. Aliwageukia wote, wale waliomjua tangu anasuka nywele za mafungu mawili. "Kampuni inajua. Leo magharibi watairekebisha kimyakimya na hakuna atakayewaambia. Kila sauti mnayoisikia inapita mikononi mwetu kwanza. Nimewaambia sasa. Nifanyeni mtakavyo."

Hakuna aliyemfanya kitu. Mzee Sebo aliweka ndoo chini, akatoa kipuli alichokuwa ametia mfukoni, akakiangalia kiganjani kama anayeangalia jino lake lililong'oka. Na pale juu ya lifti, kitovu cha ukumbi, kilichosikia makelele na kuona watu wengi wasio na vipuli, kikawaka taa ya kijani na kusema kwa sauti ya wazi, tamu, ya mwanamke: "Ndugu wapendwa, tumegundua ghasia mahali mlipo. Pokeeni muziki wa utulivu." Kinanda kikaanza, laini, kikijaza ukumbi.

Mwamvua alivuta ndoo ya Mzee Sebo, akaipindua aipande akaking'oe. Maji yalimwagika miguuni mwa watu. Mama Mashavu akamshika gauni.

"Kiache kiimbe," alisema.

"Mama, kinatuzi..."

"Kiache, nimesema. Tuone leo nani atakisikiliza."

Akageuka, akafungua mlango wake hadi mwisho, mbawa zote mbili. Waliofiwa ndio huanza kilio, wa mbali huingia baadaye. Ndivyo ilivyo, na ndivyo alivyofanya. Alikaa kizingitini, akanyoosha miguu, akamwita mumewe. Bi Mwanakheri akaanguka pembeni yake akaupokea mwito, Mama Elineema akaupokea kwa sauti ile ya kwaya iliyovunjika, ghorofa ya tano ikaupokea ngazini, na wanaume wakaanza kutandika majamvi juu ya maji.